Kwa Nini Ngoma Inageuka Katuni Ikihamishwa? Historia ya Namba 44,100 na 48,000

Ngoma imeisha saa tisa usiku. Prodyuza kaipiga mara kumi kwenye spika za studio, msanii kacheza mpaka kiti kimesogea, na kila aliyekuwepo kakubali kwamba huu ni mzigo. Faili linatiwa kwenye flashi na kupelekwa kwa dairekta wa video. Kesho yake mchana simu inaita: "Kaka, mbona jamaa anaimba kama katuni?"

Prodyuza analifungua kwake, liko freshi. Dairekta analifungua lilelile kwake, katuni. Mmoja anasema kompyuta ya mwenzake mbovu, mwingine anasema studio imezingua, na msanii yuko katikati anahesabu hela ya lokesheni na magari ya kukodi ambayo imeshatoka mfukoni.

Stori hii haina jina la mtu kwa sababu ina majina mengi mno. Muulize prodyuza yeyote wa Dar, Nairobi au Kampala, atakupa ya kwake. Na mara nyingi hakuna aliyefanya uzembe. Kila mmoja amefuata kawaida ya kazi yake, ila kawaida hizo mbili zilizaliwa sehemu tofauti, kwa sababu tofauti, zaidi ya miaka 40 iliyopita, mikononi mwa wahandisi ambao huwezi kukuta majina yao kwenye kava la albamu.

Fungua dirisha la ekspoti kwenye programu yoyote ya muziki. Utakuta 44100, 48000, 16, 24, 32, WAV, AIFF, MP3. Watu wengi wanaacha kilichokuwepo, wanabonyeza na kumuachia Mungu. Lakini kila namba pale ni uamuzi wa mtu fulani. Ukijua kwa nini aliamua hivyo, utajua pia faili lako limeharibikia wapi.

Kompyuta haihifadhi sauti, inahifadhi namba

Sauti ni hewa inayotikisika. Kompyuta haina pa kuiweka hewa, kwa hiyo inapima ule mtikisiko mara nyingi sana kwa sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Kipimo kimoja kinaitwa sampuli. Ukiona 44,100 maana yake kila sekunde moja ya msanii imeandikwa kwa namba 44,100 zilizopangwa foleni.

Faili linabeba namba hizo pamoja na maelezo mafupi mwanzoni yanayosema zisomwe kwa kasi gani. Programu ikizisoma kwa kasi nyingine, imeharibika. Namba zilizopimwa 44,100 kwa sekunde zikisomwa 48,000 kwa sekunde zinaisha mapema: ngoma ya dakika 3 na sekunde 30 inakwisha kwa dakika 3 na sekunde 13, na sauti inapanda karibu kibonye kimoja na nusu cha kinanda. Hiyo ndiyo katuni. Ikiwa kinyume chake, ngoma ileile inavutika mpaka karibu dakika 3 na sekunde 49, na dada wa watu anasikika kama mjomba wake.

Programu nyingi za leo zinatambua tofauti na kubadilisha zenyewe kimyakimya. Shida inaingia pale programu inapouliza kama ibadilishe na mtu mwenye haraka akabonyeza "hapana", au pale kadi ya sauti ilipowekwa kasi moja na projekti ikawekwa nyingine.

Lakini kwa nini kuwe na kasi mbili? Si wangechagua moja tu yaishe?

44,100 ilitoka kwenye deki ya video

Hesabu yenyewe ni ya zamani. Mhandisi Harry Nyquist aliweka msingi wake mwaka 1928, na Claude Shannon akaithibitisha mwaka 1949: ukitaka kunasa mtikisiko fulani, lazima uupime zaidi ya mara mbili ya kasi yake. Sikio la kijana mwenye afya linaishia kama kwenye mitikisiko 20,000 kwa sekunde. Kwa hiyo ilitakiwa namba inayozidi 40,000. Zipo nyingi. Kwa nini hii?

Mwishoni mwa miaka ya 1970 sauti ya kidijitali ilikuwa na data nyingi kuliko diski za kompyuta za wakati ule zilivyoweza kubeba kwa bei ya maana. Kifaa kilichokuwa na nafasi ya kutosha kilikuwa deki ya video. Wahandisi wa Japani, Sony wakiwa mstari wa mbele, wakatengeneza mashine zilizogeuza sampuli za sauti kuwa kitu kinachofanana na picha ya televisheni. Deki ikawa inadhani inarekodi kipindi, kumbe inarekodi muziki. Ukiicheza kwenye runinga ungeona madoa tu ya nyeusi na nyeupe.

Sasa sampuli ilibidi zijipange kwenye mistari ya picha. Mfumo wa televisheni wa Marekani na Japani ulichora picha mara 60 kwa sekunde, na kwenye kila mchoro mistari 245 ilibeba sauti, sampuli 3 kwa kila mstari. Zidisha 60 kwa 245 kwa 3, unapata 44,100. Mfumo wa Ulaya ulichora mara 50, mistari 294. Zidisha 50 kwa 294 kwa 3, unapata 44,100 ileile. Namba moja ikakubali pande zote mbili za dunia.

Sony na Philips walipoleta CD, iliyoanza kuuzwa Japani Oktoba 1982, waliibeba namba hiyo pamoja na biti 16. Deki za video zimekufa, CD zenyewe zimebaki za kutafuta, lakini namba imebaki. Kijana ambaye hajawahi kushika mkanda wa video anatoa ngoma yake kwa kipimo kilichokatwa kulingana na mistari ya mkanda huo.

48,000 ni ya watu wa picha

Upande wa pili, watu wa filamu na televisheni walikuwa na kero yao. Filamu ya sinema inakwenda picha 24 kwa sekunde. Gawanya 44,100 kwa 24, unapata 1,837 na nusu. Nusu ya sampuli haipo. Gawanya 48,000 kwa 24, unapata 2,000 kamili. Kwa picha 25 unapata 1,920, kwa picha 30 unapata 1,600. Kila picha inapata sampuli zake kamili bila kubaki chenji.

Hivyo 48,000 ikawa kasi ya video na vyombo vya utangazaji. Rekoda za DAT zilizotoka mwaka 1987 ziliitumia, DVD ikaitumia, na kamera na simu nyingi zinazopiga video leo zinarekodi sauti yake kwa kasi hiyo.

Sasa rudi kwa wale wawili wanaolaumiana. Prodyuza yuko 44,100 kwa sababu muziki ulikulia kwenye CD. Dairekta yuko 48,000 kwa sababu picha zilikulia kwenye filamu na televisheni. Flashi imevuka mpaka wa nchi mbili na hakuna aliyeuliza pasipoti.

Dawa ni swali moja kabla ya kutoa faili: "Projekti yako iko ngapi?" Kama ni video, toa 48,000. Kama ni kwa ajili ya CD, toa 44,100. Kwa majukwaa ya muziki ya mtandaoni, fuata anachotaka msambazaji wako. Na kama ngoma unaianza leo huku ukijua video inakuja, anza na 48,000 mapema, usisubiri mwisho.

Biti, na siyo ile ya kuchana

Mtaani biti ni mdundo. Kwenye dirisha la ekspoti, biti ni kitu kingine kabisa, na mkanganyiko huu umewapoteza wengi. Hapa biti zinaonyesha kila sampuli imepimwa kwa rula yenye alama ngapi.

Biti 16 zinatoa ngazi 65,536. Biti 24 zinatoa ngazi 16,777,216. Tofauti unaisikia kwenye sehemu za kimya, pale mwangwi unapofifia au msanii anapovuta pumzi. Biti 16 zinatosha kwa kumsikilizisha mtu. Lakini faili linaloenda kufanyiwa kazi zaidi, kupandishwa, kushushwa na kuwekewa plagini, litoke kwa 24.

Kuna pia biti 32 floti. Hii ina sifa moja inayookoa watu. Faili la 16 au 24 likitolewa huku taa nyekundu inawaka, vichwa vya mawimbi vimekatwa na havirudi hata uite fundi gani. Faili la 32 floti linaweza kubeba sauti iliyovuka mstari, na mpokeaji akaishusha ikarudi salama. Kwa hiyo ukihama programu moja kwenda nyingine ukiwa katikati ya kazi, 32 floti ni bima. Ubaya wake ni uzito tu: faili linakuwa kubwa mara mbili ya lile la biti 16.

Siku ya mwisho, unapotoka 24 au 32 kwenda 16, kuna kisanduku kidogo kimeandikwa "dither". Kinaongeza mchakacho hafifu sana ili mkato wa ngazi usisikike kama kukwaruza. Kiweke mara moja tu, mwisho kabisa wa safari.

WAV na AIFF: mmoja anasoma kulia, mwingine kushoto

Apple walileta AIFF mwaka 1988. Microsoft na IBM wakaleta WAV mwaka 1991. Yote mawili yanabeba sauti bila kuibana. Wangeshindwa nini kutumia moja?

Sababu kubwa ilikuwa ndani ya mashine. Kompyuta za Apple za wakati ule zilitumia prosesa za Motorola, ambazo ziliandika namba kuanzia sehemu kubwa kwenda ndogo. Kompyuta za Windows zilitumia Intel, ambazo zilianza na sehemu ndogo. Ni kama mtu mmoja aandike elfu moja mia mbili na mwingine aandike mia mbili na elfu moja. Wenyewe wanaelewana na mashine zao, lakini ukikosea mpangilio unasoma upuuzi.

Ndiyo maana faili ghafi lililofunguliwa kwa mpangilio usio wake linatoa "shhhhhhh" kama redio isiyo na stesheni. Sauti ipo humo ndani, nzima kabisa, ila inasomwa kinyumenyume. Lifungue tena, ubadilishe mpangilio, ngoma inarudi. Watu wamefuta kazi za wiki nzima wakidhani zimeungua.

WAV nayo ina dari. Ukubwa wa faili ulipangiwa namba ya biti 32, kwa hiyo haliwezi kuvuka gigabaiti 4. Kwa ngoma ya dakika tatu huwezi kufika huko. Kwa shoo nzima ya usiku iliyorekodiwa mfululizo, stereo, 48,000 na biti 24, unagonga dari baada ya kama saa 4. Mwaka 1991 nani angewaza kwamba mtu atakuja kuwa na diski ya kujaza kitu kama hicho?

MP3 ilipookoa mtaa na kuuponza

Kwa sauti ya CD kila sekunde inakula biti 1,411,200. Ngoma ya dakika 3 na nusu inakuwa megabaiti 37. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56, kupakua ngoma moja ni karibu saa moja na nusu, tena kama laini haijakatika.

Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer, mjini Erlangen, Ujerumani, walitumia miaka mingi wakitafuta kitu ambacho sikio halikihitaji. Walitumia ukweli kwamba unaweza kutupa sauti ndogo iliyofunikwa na kubwa, na msikilizaji asistuke. Jina la mwisho ".mp3" lilichaguliwa Julai 1995. Kwa kilobiti 128, ngoma ileile ikashuka mpaka megabaiti 3 na ushee. Dakika 8 tu kwa modemu ileile.

Kwa mtaa hii ilikuwa neema. Ngoma zikaanza kusafiri kwa CD moja yenye nyimbo zaidi ya mia, kisha kwa flashi, kisha kwa simu. Msanii asiye na hela ya kutoa kaseti akaweza kusikika mkoa ambao hajawahi kufika.

Lakini MP3 ilitengenezwa kuwa mwisho wa safari, na mtaa ukaifanya kituo cha kati. Mdundo ukatumwa kwa MP3, msanii akaingiza sauti juu yake, ikatolewa MP3 tena, redio ikaibana tena. Kila mzunguko unatupa kitu. Sikiliza baadhi ya ngoma za miaka ya 2000 zilizopandishwa mtandaoni, utasikia matoazi yanachakacha kama mafuta kwenye kikaango cha chipsi. Na kuigeuza MP3 kuwa WAV hakurudishi kilichotupwa. Ni sawa na kupiga fotokopi ya picha iliyofifia kwenye karatasi ya bei ghali.

Kuna kosa jingine lisiloonekana. MP3 inafanya kazi kwa mafungu ya sampuli 1,152, na programu inayoitengeneza huongeza ukimya kidogo mwanzoni. Ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Lakini ukiweka sauti ya MP3 juu ya mdundo wa WAV, msanii anaanza kusikika kama anaukimbiza mdundo. Na kipande cha kuzungusha kikitolewa kwa MP3, kila kinaporudi mwanzo kinaruka. Watu wameshinda studio wakimrudisha msanii mara ishirini arudie mstari, kumbe mstari uko sawa na faili ndilo linalochelewa.

Mdundo uzaliwe huku, sauti iingie kule

Mwaka 1997 kampuni ndogo ya Ubelgiji, Image-Line, ilitoa programu ya kupanga midundo iitwayo FruityLoops. Baadaye, mwaka 2003, ilibadilishwa jina kuwa FL Studio. Haikuhitaji meza kubwa ya miksi wala mashine za mamilioni. Kompyuta moja ya Windows ilitosha, na nakala zake zilipita mkono kwa mkono, nyingi bila leseni. Kwa kizazi kilichokuwa kinaanza kutengeneza muziki wa kizazi kipya Afrika Mashariki, mlango ulifunguka.

Ila matoleo yake ya mwanzo yalikuwa mashine ya midundo, hayakulengwa kumrekodi mtu anayeimba. Kwa hiyo kazi ikawa na vituo viwili. Mdundo unapikwa FruityLoops, unatolewa kama WAV, kisha unaingizwa Cubase, Nuendo au Cool Edit Pro ili msanii aingize sauti. Cool Edit ndiyo hiyohiyo iliyonunuliwa na Adobe mwaka 2003 ikawa Audition.

Kwenye huo mvuko wa kati ndipo mengi yalipotea. WAV ya kawaida inayofika upande wa pili ni sauti tupu. Kama hakuna aliyeandika kasi ya mdundo, programu ya pili haijui kama ngoma ni 92 au 96 kwa dakika, kwa hiyo mistari ya skrini haikai na mdundo, na kila kitu kinapangwa kwa sikio. Kama mdundo umetolewa wote pamoja, umeganda. Msanii akisema "hebu punguza besi kidogo," besi haishiki peke yake. Inabidi kurudi FruityLoops, na huko unaweza kukuta programu inalalamika kwamba haioni nusu ya vipande vya sauti, kwa sababu projekti inakumbuka vilipokuwa tu, haivibebi yenyewe.

Halafu kompyuta inakufa. Au kile kirusi cha flashi kinachogeuza mafolda yote kuwa shotikati kinapita. Au prodyuza anahama, au anakosana na msanii. Kinachobaki duniani ni MP3 moja iliyopelekwa redioni.

Hapa ndipo stori inapoacha kuwa ya namba na kuwa ya riziki. Miaka kumi na tano baadaye mtu wa matangazo au wa filamu anataka ngoma ile. Anaomba mdundo bila sauti. Anaomba traki zilizotenganishwa. Aliye na folda lenye WAV anaweza kukaa mezani kuongea bei. Aliye na MP3 ya kilobiti 128 anabaki na historia nzuri ya kusimulia.

Kampuni zenyewe zimejaribu kutengeneza daraja. Miaka ya 1990 Avid walileta OMF, kisha ikaja AAF, ambazo zinabeba mpangilio wa traki kutoka programu moja kwenda nyingine, lakini plagini na ala za kompyuta huachwa nyuma. Mwaka 2023 Bitwig na PreSonus walitoa DAWproject, inayobeba mengi zaidi, ila inafanya kazi tu pale programu zote mbili zinapoikubali. Mpaka leo njia isiyo na mbwembwe ndiyo inayofika popote: kila traki itolewe peke yake kama WAV, zote zianzie sekunde ya sifuri hata kama gitaa linaingia dakika ya pili. Mpokeaji anazipanga zote ukutani mwa kushoto na kila kitu kinakaa mahali pake.

Mdomo unaanza vizuri, unaishia nyuma

Bado dairekta ana kesi moja. Sauti siyo katuni, urefu unaonekana sawa, lakini ikifika kiitikio cha mwisho mdomo wa msanii uko nyuma ya maneno.

Hiyo nayo ni historia. Televisheni ya Marekani ilikuwa na picha 30 kwa sekunde. Ilipofika rangi, mfumo uliopitishwa mwaka 1953 ulilazimika kupunguza mpaka 29.97 ili mawimbi ya rangi yasigombane na ya sauti. Huku kwetu tulirithi PAL ya Ulaya, picha 25 kamili. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na haikuhitaji hesabu hizo za nukta. Lakini kamera na simu za leo zinakuja na menyu ya dunia nzima, 24, 25, 29.97, 30, na mtu anachagua yoyote.

Tofauti ya 30 na 29.97 ni moja kwa elfu. Kwenye dakika 3 na nusu inazaa sekunde 0.21, ambayo jicho linaiona kabisa kwenye mdomo. Na simu nyingi hubadilisha idadi ya picha zenyewe kadiri mwanga unavyobadilika, kitu kinachozidisha vurugu kwenye kuhariri.

Kipimo cha haraka: angalia mwanzo na mwisho. Kosa likiwa lilelile kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, kuna kuchelewa kwa kudumu, mara nyingi spika ya Bluetooth iliyotumika lokesheni au ukimya wa MP3. Sogeza sauti, imeisha. Kosa likianza dogo na kukua, ni kasi, na kusogeza hakutasaidia hata ukeshe.

Ukiona hivi, angalia hapa

- Sauti imepanda au imeshuka na urefu wa ngoma umebadilika: 44,100 na 48,000 zimegongana.
- Urefu ni sawa ila mdomo unapotea polepole: idadi ya picha kwa sekunde.
- "Shhhh" tupu: faili ghafi limesomwa kwa mpangilio wa namba usio wake.
- Sauti inakwaruza kwenye sehemu zenye nguvu: ilitolewa huku taa nyekundu inawaka. Rudi kwenye projekti, shusha, toa upya.
- Traki zote zikipigwa pamoja hazifanani na miksi: plagini za masta zilikuwa wazi zikamkamata kila mmoja peke yake. Zizime, kisha utoe.
- Mwangwi wa mwisho umekatwa kama kwa kisu: eneo la kutoa liliishia kwenye noti ya mwisho. Ongeza sekunde kadhaa.
- Msanii anachelewa mdundo kidogo tu: mmoja ni MP3. Omba WAV.
- Faili limepitia WhatsApp: litumwe kama dokumenti, na sauti ya kazi isirekodiwe kama ujumbe wa sauti.

Na jina la faili liwe na akili. "Mwisho kabisa 3 mpya" halimsaidii mtu. Jina la ngoma, kasi ya mdundo, 48k, biti 24, tarehe. Herufi chache tu, lakini ndizo mtu atakazozisoma miaka kumi baadaye akiwa hana namba yako ya simu.

Wahandisi wale wa mikanda ya video walichagua namba moja iliyokubali mifumo yote miwili ya televisheni. Studio na dairekta wanaweza kufanya hivyohivyo kwa ujumbe mmoja mfupi kabla ya siku ya kushuti.

Vipi wewe: ngoma yako ya kwanza, WAV yake iko wapi leo? Tupia jibu kwenye comment hapo chini, na mtagi yule prodyuza ambaye bado anatuma mdundo kwa MP3.